Mapishi ya Nyumbani Yafaa Yawekwe Hesabu Kama Karafuu



Mtaniwia radhi kama mara hii siandiki juu ya bei, wala mbolea, wala miche. Nataka kuandika juu ya jiko. Najua wako wazee wenzangu watakaosema, "Mwanamume na masufuria wapi na wapi?" Na wacheke. Nami nilikuwa katika wacheka hao mpaka nilipokwenda Mtawanya.

Mtawanya ni kata katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Mtu wa kisiwani huvuka kwa meli mpaka Dar es Salaam, akashika basi Mbagala, akapita Mkuranga na Bungu, akashuka Kibiti. Dada yangu ameolewa huko, na kila niendapo huwachukulia karafuu kavu kibaba kimoja, maana minazi wanayo, mikorosho wanayo, na mpunga wanao, lakini mkarafuu hawana. Mama mkwe wa dada yangu alikuwa mzaliwa wa delta ya Rufiji, na karafuu zile alizipokea yeye kwa mkono wake. Alikuwa akipika wali wa kamba, kamba wanaovuliwa kwenye mikoko kule Salale na Mbwera, kwa tui, bizari nzima na karafuu zetu. Mimi nimekula pilau za harusi nyingi, Wete na Chake Chake, wala sikupata kula wali mfano wa ule.

Bibi huyo alifariki mwaka jana. Katika khitma ya arobaini jamaa wakataka watu walishwe wali wake. Hapo ndipo yalipozuka mambo.

Khabari za wali ule zilikuwako, tena si chache. Mjukuu mmoja alikuwa na picha za sinia zaidi ya thelathini katika simu yake. Mwingine alikuwa amenasa sauti ya bibi mwenyewe akieleza tangu mwanzo mpaka mwisho, akawatumia jamaa kwa WhatsApp. Lakini simu yake iliharibika, fundi akaisafisha yote, na sauti ikaondoka pamoja na namba za watu. Wale waliopelekewa walikuwa wamekwisha kuifuta ili wapate nafasi ya mambo mengine. Shangazi mmoja alikuwa ameyaandika katika daftari, na daftari lilikuwa nyumbani kwake delta. Katika mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozipiga wilaya za Rufiji na Kibiti likalowa, wino ukatawanyika. Kilichobaki ni sauti fupi ya nusu dakika, ambayo mkaza mwana mmoja hakuifuta kwa mapenzi tu. Bibi anasema, "Tia karafuu kiasi, tui kiasi, halafu funika." Watu walilia kwa kuisikia, kisha wakatazamana. Kiasi ni kiasi gani?

Wali ukapikwa, nao ulilika. Lakini mzee mmoja aliyekaa karibu nami alisema kwa sauti ya chini, "Huu si wake." Shemeji yangu akamsikia, akainamisha kichwa.

Ndugu zangu, katika jambo hili sisi wakulima wa karafuu hatuna udhuru. Mkulima wetu ajua shamba lipi limechumwa pishi ngapi, na nani kachuma. Hatii makonyo katika gunia la karafuu safi. Risiti ya mizani aiweka mahali ambapo hata usingizini aweza kuipata. Mtu akimwendea akamwambia, "Nimekuletea karafuu kiasi," atamwona ana kichaa. Basi kwa nini huyu huyu, mapishi ya mama yake mzazi ayaache kwa kiasi, katika simu iliyojaa picha elfu tatu zisizo jina? Simu ya namna hiyo ni ghala lisilo taa, ambamo mtu ametupa karafuu, makonyo, mbata na majamvi mabovu pamoja.

La kwanza ni kipimo. Mtu akae na mama siku apikapo, na kila anachotaka kukitia kwa mkono kipitie kwanza katika kikombe au mizani. Ikiwa ana kikombe chake cha bati cha tangu zamani, na kipimwe mara moja kwa maji ya chupa ya nusu lita, ijulikane chachukua nini. Sisi twajua kuwa vibaba vinne ni pishi, lakini mjukuu aliye Muscat hajui kibaba. Aandikiwe na gramu pia.

Kisha jina, na hapa watu wengi hukosea. Kompyuta ni mtumishi mtiifu asiye na akili. Mkate ambao wewe wauita wa kumimina, mwenzio auita wa sinia; ukiuandika kwa jina moja na mtoto akautafuta kwa jina la pili, ataambiwa haupo. Basi yaandikwe yote mawili. Mpwa wangu mvuvi alitafuta "kamba" katika simu yake, akaletewa bei ya kamba za nanga. Kila chakula kiwe na ukurasa wake, na juu yake jina la chakula, jina la mpishi, mahali, na mwaka. Kama iko sauti, iwekwe pamoja na ukurasa huo, maana sauti ina mambo ambayo herufi hazina.

Tena nakala. Moja katika simu, moja katika Google Drive au barua pepe ambayo neno lake la siri lajulikana na watu wawili, na moja ichapwe dukani, itiwe katika mfuko wa nailoni. Vijana hucheka wakisikia karatasi. Siku umeme umekatika na bando limekwisha, na wageni wako mlangoni, hawatacheka.

Mtu aweza kuuliza, "Je, mapishi si siri ya mwenyewe?" Ndiyo, na namheshimu asemaye hivyo. Mama anayesomesha watoto kwa vitumbua, unga wake ndio mtaji wake. Aulizwe kabla ya kuandikwa, na asiporidhia visipelekwe katika kundi la watu mia mbili. Wengine wasema intaneti ina pilau za kila namna. Inazo, lakini aliyeandika zile hakumjua bibi wa Mtawanya wala mchele wake.

Nami naiomba Halmashauri yetu itoe nusu ukurasa katika kila toleo kwa chakula kimoja cha karafuu kutoka nyumba ya mwanachama, pamoja na vipimo. Mwenzetu wa Indonesia karafuu huzivuta ndani ya sigara. Sisi tuna pilau, na mtoto wetu siku hizi hununua viungo vilivyosagwa katika pakiti, asijue ipi ni karafuu na ipi ni iliki.

Huko Mtawanya kazi imeanza. Dada yangu na yule mkaza mwana wamepika kwa sufuria ndogo, kibaba kimoja cha mchele kila mara, wakiandika. Mara ya kwanza walitia karafuu sita, mara ya nne tisa. Yule mzee wa khitma huitwa kila mara kuonja. Kwa tisa alinyamaza, akala, akaomba tena, kisha akasema, "Karafuu ndiyo hiyo. Tui bado." Ukurasa umewekwa kwa jina la "Wali wa kamba wa Bibi, jaribio la nne," na la tano wanangoja nifike na karafuu za msimu huu.