Hasara ya Karanga, Lawama ya Reli



Husemwa mara kwa mara, tena na watu waliosoma, ya kuwa reli ya Nachingwea iling'olewa kwa sababu watu wa Kusini hawakuwa na haja nayo. Neno hili twalikataa. Sisi makarani twajua kusoma daftari, na katika daftari hili hasara imeandikwa chini ya jina lisilo lake.

Reli ile haikujengwa kwa ajili ya Nachingwea. Ilijengwa kwa ajili ya karanga. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, nayo ikakusudia kufungua mashamba makubwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Treni zikaanza kufika Nachingwea mwaka 1949, zikitoka gati la Mkwaya, katika hori ya Lindi. Karanga zilizotazamiwa hazikupatikana. Januari 1951 shauri lote likaachwa, na paundi zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni. Hata hivyo bandari ya Mtwara iliendelea kujengwa, ikafunguliwa mwaka 1954: gati zuri la kupokea mzigo uliokwisha kufa miaka mitatu nyuma! Je, katika kosa hilo mkulima wa Nachingwea alikuwa na kura gani?

Mwaka 1962 reli ikafungwa, kisha vyuma na mataruma vikaondolewa. Njia iliyopimwa kwa mzigo wa karanga ilihukumiwa kwa mizani ile ile, na mazao ya wenyeji yakaonekana kuwa kidogo.

Basi tazameni yaliyofuata. Wakulima wakazidi kupanda mikorosho, kwa jembe la mkono, wala hawakuletewa trekta. Msimu wa 1973/74 nchi nzima ilipata korosho tani 145,000 hivi, na sehemu kubwa ilitoka Kusini. Mzigo ulikuja wenyewe, ukakuta tuta tupu, ukapakiwa katika malori kupita barabara za vumbi na matope.

Kwa hiyo twawaomba wote waandikao habari za mji huu, na hasa wale wanaoutaja mwaka 1962 kila inaponenwa habari ya reli mpya ya Mtwara: hasara ya karanga iandikwe chini ya karanga.