Si mvivu jamani, ni vidole

Kabla hujaendelea, hebu angalia mkono wako ulioshika kipanya. Kidole kimoja kinabofya, vingine vimetulia. Wala hukufikiria, sivyo? Basi wapo watoto ambao kwao jambo dogo kama hilo ni kazi pevu. Leo nawazungumzia hao.

Mwaka jana mpwa wangu alianza darasa la kwanza hapa Dar. Dogo mjanja, chenji ya dukani anahesabu haraka kuliko mimi. Lakini mpe penseli! Anaishika kwa ngumi, anakandamiza mpaka karatasi inachanika. Vifungo vya shati anafungiwa na mama yake. Mwalimu akaandika kwenye daftari: "Mvivu, haandiki." Na fimbo juu. Dada yangu akalia, shemeji akasema mtoto anadeka tu.

Mwisho wakampeleka hospitali, wakaelekezwa kwa mtoa tiba kwa vitendo. Nakiri, kazi hiyo nilikuwa siijui. Nilidhani ni wale wa fiziotherapia. Kumbe huyu anaangalia shughuli za kila siku, yaani kula, kuvaa, kuandika, kucheza, halafu anatafuta mtu anakwamia wapi. Hakutoa dawa. Alimpa dogo kipande kifupi cha chaki, maana kifupi hakishikiki kwa ngumi, lazima vidole vifanye kazi. Nyumbani akasema achambue mchele, abane vibanio vya nguo, akande unga wa chapati. Na akiandika, akae miguu ikanyage chini. Basi!

Sasa tutoke kwa mpwa wangu, tuje kwenye hoja. Wataalamu wanakadiria kwamba watoto 5 hadi 6 kati ya kila 100 wa umri wa shule ya msingi wana tatizo la kuratibu mijongeo ya mwili. Hapo hujahesabu wenye mtindio wa ubongo. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini sote tunayajua madarasa ya watoto mia na zaidi. Katika darasa kama hilo wako kama watano. Nani atawaona?

Tatizo lenyewe naliona hivi. Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejikita kwenye KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Mwaka 2016 elimu bila malipo ikaanza, watoto wakafurika shuleni. Safi kabisa. Lakini kuandika ndiyo mlango wa kila kitu, na asiyeweza kushika penseli anabaki nje ya mlango huku amekaa ndani ya darasa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inagusa utengamao na elimu. Lakini mtoto huyu hana gongo, hana kiti cha magurudumu. Anaonekana mzima. Mwalimu anasema mvivu, mzazi anasema karogwa, hospitali inasubiri aletwe. Miaka inakatika.

Wataalamu je? Chuo kipo KCMC Moshi, na huduma zipo sehemu kama CCBRT hapa Dar. Ila mazoezi haya si ya siku moja, unarudi na kurudi. Mama wa kijijini anayeishi kwa kuuza mihogo, nauli ya kila safari ataitoa wapi?

Majirani zetu Kenya walianzisha vituo vya kupima mahitaji ya watoto kielimu tangu 1984, na 2017 wakatunga sheria ya wataalamu wa fani hii. Sisemi kwao ni peponi. Nasema kumbe inawezekana kuwa na mahali ambapo mwalimu anajua ampeleke wapi mtoto.

Najua wapo watakaosema, "Mwache, atakua." Kweli, watoto hawakui sawa, wengine wanachelewa tu. Lakini wenye tatizo hasa, wengi huenda nalo mpaka ukubwani. Tena kusubiri huku unamchapa si kusubiri, ni kumfundisha kuichukia shule.

Sidai kila shule iwe na mtaalamu. Nadai mwalimu wa awali na wa darasa la kwanza afundishwe dalili, mtaalamu mmoja wa wilaya azunguke shule kwa ratiba, na fimbo ya mwandiko iwekwe chini. Chaki fupi na mchele wa kuchambua havihitaji mfadhili.

Mpwa wangu? Mwandiko bado mbovu, tusidanganyane. Ila sasa anamaliza sentensi, na vifungo viwili vya juu anafunga mwenyewe. Juzi alinifukuza nilipotaka kumsaidia.

Nawe mdau, darasani kwenu nani alikuwa anachapwa kwa mwandiko? Yuko wapi leo? Nawasilisha.