Wacheni Kumlaumu Pengwini

Wasee, hii stori ya "Linux ina lagi" imenichosha. Nikiposti klipu ya gemu kutoka hapa Kithimani, lazima mtu aandike: "Rudi Windows, buda." Umepima, ama umeskia tu?

Tutenganishe vitu viwili. Ukijificha nyuma ya ukuta na bado unakufa, hiyo ni pingi. Seva nyingi tunazochezea ziko Ulaya ama Afrika Kusini, na data lazima isafiri. Hata uweke Windows ya dhahabu, huo umbali haupungui. Lakini ukisukuma mausi na alama ya kulenga inakuja ikijivuta, hiyo ni lagi ya mashine yako. Hiyo inarekebishika.

Mara nyingi mchawi ni vsync. Skrini ya 60 Hz hubadilisha picha kila milisekunde 16.7. Vsync inapanga picha foleni ndio zisikatike; zikingoja mbili, umeshapoteza milisekunde 33. Wayland ilikuwa inalazimisha hiyo foleni kwa muda mrefu. Siku hizi KDE Plasma 6 inakuruhusu kuitoa gemu ikijaza skrini.

Mimi nilipima. Niliweka simu irekodi picha 240 kwa sekunde, nikahesabu kutoka kidole kibonyeze hadi bunduki ilipuke. Kila picha ni kama milisekunde 4. Nikazima vsync ndani ya gemu na kwa desktopu, nikahesabu tena. Zilipungua, na sikununua kitu.

Na nyinyi mashabiki wa Linux, msicheke. Mgeni akilalamika mnamjibu "kwangu iko fiti." Hiyo si msaada, hiyo ni madharau. Mwonyesheni setingi. Pia mwambieni ukweli mapema: Valorant na Fortnite hazikubali Linux, na si kosa lake.

Mbona nakasirika? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10. Windows 11 inataka TPM 2.0 na prosesa za juzijuzi. Laptopu nyingi za ex-UK tunazonunua hazifiki hapo. Kwa hivyo ukimwambia kijana wa huku "rudi Windows," unamwambia anunue mashine ingine. Pesa utamtumia wewe?

Pima kwanza. Ukiwa na namba, leta tubishane. Ukiwa huna, tuwachie tucheze.