Kiatu Hakifundishi

Mara nyingi nimewashuhudia wanafunzi wangu hapa Bangale wakimponda kwa kandambili buibui mkubwa wa shimoni. Kumbe ng'ambo, buibui wa jamii hiyo, asili yao Afrika Mashariki, huzalishwa kwa uangalifu mkubwa. Mfugaji hungoja jike ajivue gamba, maana akijivua baada ya kupandwa mbegu hupotea. Kisha humlisha akashiba, asije akamla dume. Je, elimu ya viumbe wetu ibaki kwa wageni? Sisemi tuwauze: Mei 2025, mahakama jijini Nairobi iliwatoza vijana wawili Wabelgiji faini ya shilingi 1,000,000 kila mmoja kwa kunaswa na maelfu ya malkia wa sisimizi. Walimu wenzangu, tuwapeleke wanafunzi kando ya shimo, watazame na kuandika.