Barua Zetu Huishia Wapi?

Sisi wenye ndugu magerezani tuna lalamiko moja, na tumeamua kulisema kwa pamoja kwa sababu kila aliyelisema peke yake aliambiwa arudi nyumbani akasubiri. Barua zetu hazifiki. Zikifika, hakuna anayetuambia. Na zile ambazo ndugu zetu wanaapa kuwa wametuandikia, nyingi hatujazitia machoni.

Wapo wanaotushangaa kwamba bado tunahangaika na barua katika zama hizi za simu. Mfungwa haruhusiwi kukaa na simu, na akikutwa nayo ni kosa jingine juu ya lile lililompeleka. Kumtembelea kunawezekana, lakini mtu wa Newala ambaye mwanawe anatumikia kifungo kanda ya ziwa apate wapi nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala na chakula cha njiani, ili aongee naye dakika chache askari akiwa amesimama pembeni? Wengine hawajawaona watoto wao tangu siku ya hukumu. Kwetu kilichobaki ni karatasi, bahasha na stempu.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi barua zisikaguliwe. Tunajua gerezani kuna usalama wa kulindwa, na aliyekosa kakosa. Askari asome barua zetu, hatuna siri kubwa zaidi ya mahindi yaliyokauka na watoto waliofaulu. Tunachouliza ni nini kinatokea baada ya kusoma.

Mama mmoja mwenzetu alipata barua ya mwanawe mwaka huu. Kijijini hatuna masanduku ya posta ya kwetu, tunatumia la shule ya msingi, kwa hiyo barua ilikaa posta ya wilaya mpaka mwalimu aliposhuka mjini kwa shughuli zake, kisha ikaletwa nyumbani na mtoto wa darasa la tano. Ndiye huyo huyo mtoto aliyemsomea mama, majirani wakiwa wamekaa mkekani. Ilikuwa karatasi ya daftari, imeandikwa pande zote mbili mpaka pembezoni, kwa kuwa huko ndani karatasi ni ya kuomba. Kijana alisalimia ukoo mzima kwa majina. Aliomba sabuni na dawa ya meno. Mwishoni akaandika: mniambie bibi anaendeleaje na miguu.

Bibi alikuwa ameshazikwa, na arobaini yake imeshapita. Barua ya msiba tulikuwa tumeiandika sisi wenyewe, tukaipeleka posta kwa mikono yetu, na wakati tunaituma bibi hakuwa hata na wiki kaburini.

Tukaigeuza ile bahasha. Tarehe aliyoandika kijana juu ya karatasi ilikuwa ya katikati ya masika. Muhuri wa posta ulikuwa wa baada ya mavuno. Basi tusiwasingizie watu wa posta kwa miezi yote hiyo, maana barua ilikuwa haijawafikia. Ilikuwa imelala mezani kwa mtu, ikisubiri kusomwa, au imeshasomwa ikasubiri stempu. Mfungwa hana pesa mfukoni. Stempu ikikosekana, nani mwenye jukumu la kuinunua? Tumeuliza, na hatujapata wa kutujibu.

Kuhamishwa ndiyo kero kubwa kuliko zote. Ndugu yako anapelekwa gereza jingine, pengine mkoa mwingine kabisa, na wewe unaendelea kuandika kwa anwani ya zamani. Barua haimfuati na wala hairudi kwako. Mwenzetu mwingine aliuza mbuzi akasafiri, akafika getini na kifurushi chake.

"Shikamoo afande. Nimekuja kumwona mwanangu."

"Marahaba mama. Huyu hayupo hapa, alishahamishwa."

"Amehamishiwa wapi, baba?"

"Kaulize mkoani."

Afande yule hakuwa mkali, tuseme kweli. Alimpa mama maji na kiti. Lakini mama alirudi na kifurushi chake.

Haya hayakutakiwa kutokea. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kufanya mawasiliano, hata kama sheria inauwekea mipaka. Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha viwango vya kuwatunza wafungwa vinavyoitwa Kanuni za Mandela. Kanuni ya 58 inasema mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na familia na marafiki mara kwa mara, kwa barua na kwa kutembelewa. Kanuni ya 68 inasema apewe haki na njia ya kuijulisha familia yake mara moja anapofungwa, anapohamishwa na anapougua sana. Mara moja, si baada ya mama kuuza mbuzi.

Mandela mwenyewe alipopelekwa kisiwa cha Robben mwaka 1964 alianza kwa kuruhusiwa barua moja kila miezi 6, na wakaguzi walikuwa wakizikatakata. Hao walikuwa makaburu, na kuwatesa watu kwa ukimya ilikuwa kazi yao. Sisi ni nchi iliyowapokea wenzake Mandela kule Mazimbu na Dakawa, Morogoro. Kwetu hatudhani kuna anayekusudia kututesa. Ni uzembe tu, na kutokuwepo mtu wa kuulizwa.

Hata wanapoachiwa hatujulishwi. Kila Aprili 26 na Desemba 9 Rais anapotoa msamaha, redio hutaja idadi ya waliosamehewa. Majina hatuyasikii. Basi wazee hushinda kituoni wakitazama nani anashuka kwenye basi, mpaka magari ya siku yanakwisha.

Tunachoomba hakihitaji bajeti ya kupitishwa bungeni. Gereza liwe na daftari la barua, zinazoingia na zinazotoka, kila moja na tarehe yake, na ofisa mmoja mwenye jina la kuulizwa. Barua ikishakaguliwa igongwe muhuri wenye tarehe. Iliyozuiwa, tuambiwe imezuiwa. Mfungwa asiye na kitu apewe karatasi na stempu. Akihamishwa, ndugu watumiwe ujumbe mfupi wa simu, kwani namba zetu tunaziandikisha kila tunapokwenda kuwaona.

Nawe mwenye ndugu ndani, usiache kuandika. Weka tarehe, tuma kwa rejista, tunza risiti. Na mbunge akija kwenye mkutano wa hadhara, simama na risiti hizo mkononi umuulize barua zimeishia wapi.