Eti "Ni Gemu Tu"

Kila nikilalamikia lugha ya gemu za vyombo vya anga, najibiwa: "Aa, ndugu yangu, si ni gemu tu?" Na wanaonijibu hivyo ni wapenzi wa hadithi, watu ambao mwandishi wa riwaya akichomoza jua la Mombasa kutoka upande wa bara, watamcheka mwezi mzima. Lakini rubani wa gemu akizima injini katikati ya anga tupu, chombo kikasimama chenyewe kama daladala iliyoishiwa mafuta, wanaona sawa tu.

Si sawa. Kule hakuna hewa wala lami ya kukikwamisha chombo. Ukizima injini unaendelea na mwendo uleule, upande uleule, mpaka kitu kikuguse au kikuvute. Steve Russell na wenzake wa MIT walilizingatia hilo kwenye Spacewar! mwaka 1962: vyombo viwili vinateleza, nyota iliyo katikati inavivuta. Kama wao waliweza, leo kisingizio ni nini?

Nieleweke. Sidai kila gemu iwe darasa la fizikia. Frontier: Elite II ya 1993 ilifuata kanuni za Newton, na wachezaji wakalalamika kwamba vita vimekuwa kupishana kwa kasi, risasi mbili, mmepotezana. Elite: Dangerous ya 2014 ikaviwekea vyombo kikomo cha mwendo. Hilo nalikubali. Msimulizi anaruhusiwa kupinda sheria za ulimwengu wake. Asichoruhusiwa ni kuiba neno na kulivisha maana nyingine.

"Mwaka wa nuru" ni umbali, kilomita trilioni tisa na nusu hivi, si muda wa kusubiri. Na kuandika "hakuna mvutano" ukiwa pembeni kabisa ya sayari ni uongo. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita kama 400 juu yetu, mvutano wa Dunia bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa hapa chini. Wanaanga wanaelea kwa sababu wao na kituo chao wanaanguka pamoja, wakiizunguka Dunia bila kuigonga.

Sasa tazama Kerbal Space Program, iliyotoka rasmi mwaka 2015. Sayari yake, Kerbin, ina nusukipenyo cha kilomita 600, chini ya sehemu ya kumi ya Dunia, lakini mvutano wake ni sawa na wetu! Sayari ya namna hiyo ingebidi iwe nzito ajabu kwa udogo wake. Uongo mtupu, ila uongo wa wazi, na ndani yake maneno yanafanya kazi zake. Unataka kumfikia aliye mbele yako kwenye obiti ileile? Ukiongeza mwendo unapanda juu na kuchelewa. Lazima upunguze, ushuke, ndipo umpate. Haraka haraka haina baraka: methali ya bibi imekuwa kanuni ya obiti, na mchezaji anaijua kwa vidole vyake.

Sisi wa Kiswahili tuna la kupoteza zaidi. Mtaani "nguvu" inabeba kani, nishati na nguvu yenyewe, na "uzito" unabeba masi pia. Tanzania mtoto anajifunza sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi, akifika sekondari anahamishiwa Kiingereza, na yale maneno yanabaki vitabuni yakiota vumbi. Gemu ingeweza kuyapa pa kuishi. Lakini tukiendelea na "ni gemu tu", siku mtu atakapotutafsiria moja, skrini itajaa "nguvu": nguvu ya injini, nguvu ya betri, nguvu ya sayari. Mchezaji atajuaje ipi inaisha na ipi inamvuta?

Neno la riwaya likikosewa, jicho linaweza kulipita. Neno la gemu unalibonyeza, na linakujibu. Kwa hiyo, wahakiki wenzangu, kabla hamjasifia tena picha nzuri za nyota, fanyeni jaribio dogo. Zimeni injini. Chombo kikisimama na hadithi isitoe sababu, andikeni hivyo hivyo kwenye uhakiki wenu.