Shahidi wa mpakani hahitaji chumvi

HIVI karibuni, nikiwa sokoni Lilongwe, niliwasikia wafanyabiashara wawili wakibishana juu ya Floribert Bwana Chui. Mmoja aliapa kuwa mchele alioukataa uligeuka funza watu wakishuhudia. Mwenzake akasema hizo ni hadithi za kutunga. Mimi namuunga mkono huyo wa pili.

Kabla ya kurejea nyumbani nilisoma Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 palipokuwa na gereza la kisiasa, na ambako Wajesuiti waliendesha shule. Huko ndiko nilikosikia habari za Jean Bolland, Mjesuiti wa Antwerp, aliyeanza kuchapisha Acta Sanctorum mwaka 1643. Wazo lilikuwa la mwenzake, Heribert Rosweyde: zikusanywe hati za kale za maisha ya watakatifu, zilinganishwe, kisha iulizwe nani aliona na nani alisimuliwa tu.

Kazi hiyo iliwaponza. Daniel Papebroch alipotilia shaka dai kwamba nabii Eliya ndiye mwanzilishi wa Wakarmeli, alishitakiwa. Mwaka 1695 Inkwizisheni ya Hispania ikapiga marufuku vitabu hivyo. Marufuku iliondolewa mwaka 1715, Papebroch akiwa ameshafariki.

Ya Bwana Chui yanayojulikana yanatosha. Alikuwa mkaguzi wa bidhaa Goma. Alikataa hongo ili chakula kilichooza kisiwafikie walaji, akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Juni 15, 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri.

Sisi tuliopitia ukimbizini tunajua hasara ya kutia chumvi. Ofisa akikunasa kwa uongo mmoja, hata ya kweli hayaamini tena.

Lakini kuna hasara kubwa zaidi. Tukimzushia miujiza, tunajipa kisingizio: yule hakuwa mtu wa kawaida, basi sisi tuendelee kuchomeka noti katikati ya makaratasi. Ukweli ndio unaotubana. Alikuwa kijana mwajiriwa, aliombwa jambo ambalo kila siku huombwa mpakani, akasema hapana.

Wengi waliomfahamu wangali hai. Waliyoyaona yaandikwe sasa, kabla ya vijiwe kuyapotosha. Na sisi wenye magunia tujiulize: siku ile tungekuwa upande wa mkaguzi, au wa mwenye mchele?